Kugusa na Kukanyaga

"Hivi mwanangu, mkishamvunja panya mgongo, nani anamwomba radhi?"

Swali hilo aliulizwa Kitinda na jirani yao wa ukuta kwa ukuta, Mama Cherehani, asubuhi moja alipokuwa akifunga geti kwenda chuoni. Mama huyo alikuwa amekaa kibarazani kwake, cherehani mbele, pini tatu mdomoni, na maneno yalimtoka kupitia kati ya pini hizo bila hata moja kuanguka.

"Hatuwavunji ovyo, mama," Kitinda akajibu. "Wanapigwa ganzi kwanza. Hawasikii kitu."

"Sijauliza kama wanasikia. Nimeuliza nani anawaomba radhi."

Kitinda akacheka, akaaga, akashika njia. Lakini swali lile lilimng'ang'ania mpaka chuoni, kama uzi ulioganda kwenye gauni, ukiutoa huku unashika kule.

Aliitwa Kitinda kwa sababu ndiye kitinda mimba. Walizaliwa wawili tu, yeye na kaka yake. Mtaani, tangu habari zivuje kwamba msichana wa watu anasoma chuo kizima ili akashike panya, walimwita Daktari wa Panya, na watoto walimsalimia kwa kulia kama panya. Hakukasirika. Alikuwa mtu wa kucheka kwa kuziba mdomo, mwembamba, mwenye tabia ya kuegemeza kichwa upande mmoja anapotazama kitu. Alikuwa mwaka wa tatu katika masomo ya viumbe, na wanafunzi wa mwaka huo walitakiwa kuchagua maabara ya kujifunzia kazi. Wenzake walichagua za maji, za mimea, za damu. Yeye alichagua chumba cha mwisho kabisa kwenye korido, kilichoandikwa mlangoni kwamba kinachunguza majeraha ya uti wa mgongo.

"Unaogopa panya?" Profesa alimuuliza siku ya kwanza.

"Hapana, Profesa. Naogopa ngazi."

Profesa alidhani ni utani, akacheka. Hakujua kwamba kaka yake Kitinda alikuwa fundi wa mapaa, na kwamba miaka miwili nyuma ngazi iliteleza akipanda kwenye kenchi, mbao zinazobeba paa, akaangukia mgongo kwenye rundo la matofali. Kuanzia kitovuni kwenda chini hakukuwa tena na habari. Mtu aliyekuwa akirudi nyumbani na maranda ya mbao kichwani kama mvi, sasa alikuwa mtu wa kugeuzwa kitandani kila saa mbili, saa ya ukutani ikiwa imetundikwa mbele yake ili mama yao asisahau. Alikuwa na mpira wa mkojo, godoro la hewa, na kipande cha mti kilichoning'inizwa darini kwa kamba mbili ambacho alikichora mwenyewe na kuwaelekeza mafundi wenzake wakifunge, ajivute nacho.

Mwili ulikatika, ulimi haukukatika. Kila Kitinda alipoingia kutoka chuoni, kaka alimpokea kwa swali lile lile.

"Wenzangu wameamkaje?"

"Wameamka salama, kaka."

"Waambie mimi ndiye mwenyekiti wao. Nimewazidi masharubu."

Basi kazi ya maabara ile ilikuwa hivi. Ndani ya mfupa wa mgongo umepita ugwe laini, mweupe, unaopeleka habari kutoka kichwani kwenda miguuni na kuzirudisha. Ugwe ukipondeka, habari hazipiti. Profesa aliwalaza panya ishirini kwa ganzi, mmoja mmoja, akawafungua mgongo, akaangusha juu ya ugwe wa kila mmoja chuma kidogo kama kifungo cha koti, kutoka kimo kile kile, kisha akawashona. Baada ya hapo kumi walichomwa dawa mpya kila siku, na kumi walichomwa maji ya chumvi. Nani kachomwa nini alijua mfamasia peke yake, aliyekuja na sindano zake zimezungushiwa karatasi nyeusi. Orodha aliifungia kwenye bahasha, akaipiga lakiri.

Kitinda yeye alikuwa jicho. Kila Jumanne asubuhi kila panya aliwekwa ndani ya beseni kubwa la duara, pana kama meza ya watu wanane, akaachwa atembee dakika nne, kamera ikirekodi picha na sauti. Kitinda alipiga magoti pembeni, kichwa upande, akitaja anachokiona. Mwanafunzi wa shahada ya juu, kijana mtaratibu waliyemwita Bwana Kalamu, alipaswa kutazama naye mguu kwa mguu. Lakini baada ya wiki mbili aliona jicho la Kitinda ni kali kuliko lake, akabaki kuandika tu.

"Kushoto anaburuta. Kulia anagusa."

"Anagusa au anakanyaga?"

"Anagusa."

Hapo ndipo kazi yote ilipolala. Alama zilianzia sifuri, mguu uliokufa, mpaka ishirini na moja, mguu mzima kama hakikutokea kitu. Nane ni mguu unaorushwa mbele, unagusa chini, lakini haubebi chochote. Tisa ni mguu uliokanyaga, unyayo umelala chini na mwili umepanda juu yake. Kwa namba ni hatua moja. Kwa mgonjwa ni tofauti ya kubebwa chooni na kwenda mwenyewe.

Mlangoni pa chumba cha vizimba palibandikwa karatasi, herufi kubwa, aliyoiandika Profesa kwa mkono wake: ANAYEPIMA ASIHUDUMIE. ANAYEHUDUMIA ASIPIME. Kuhudumia ilikuwa kazi ya Bibi Maranda, mama mtu mzima aliyebakiza miaka miwili astaafu. Yeye ndiye aliyebadilisha maranda ya kwenye vizimba, na yeye ndiye aliyewakamua panya mkojo asubuhi na jioni, maana panya aliyevunjika mgongo hawezi kukojoa mwenyewe. Anashikwa taratibu kwa mkono mmoja, kibofu kinabonyezwa kwa vidole viwili juu ya karatasi nyeupe, mpaka kiishe. Bibi Maranda alifanya hivyo huku akiwaimbia.

Wiki ya pili Kitinda alimkuta kwenye sinki, maji yanamwagika bure, kifundo cha mkono kimevimba kama andazi.

"Mkono umegoma, mjukuu wangu," bibi akasema, machozi yanamlengalenga. "Wakijua watanipumzisha. Nikae nyumbani nitazamane na nani?"

"Nipe mimi, bibi. Siku mbili tatu tu, uvimbe ushuke."

"Na karatasi ya mlangoni?"

"Karatasi haina macho."

Wakacheka wote wawili. Kitinda hakuona kwamba amefanya kosa. Aliona amefanya huruma, na mama yao aliwalea wasipite mtu mwenye machozi. Siku mbili tatu zikawa ishirini.

Asubuhi ya kwanza tu alipomkamua panya wa kizimba cha tatu, mkojo ulidondoka kwenye karatasi nyeupe ukiwa na rangi ya ganda la chungwa lililoiva. Alidhani ni damu, akautazama vizuri. Haikuwa damu. Wa kizimba cha nne ulikuwa wa kawaida, mwepesi kama maji. Wa tano, kawaida. Wa sita, chungwa. Alipofika kizimba cha ishirini, kwenye ndoo ya taka zilikuwepo karatasi kumi zenye rangi na kumi zisizo nayo, na akajua dawa ndiyo inayotia mkojo rangi.

Hakuwa amekwenda kutafuta. Lakini alikuwa ameshaona, na kitu ukishakiona huwezi kukirudisha ulikokitoa. Akafunga mfuko wa taka, akausukuma chini kabisa ya pipa. Hakumwambia mtu.

Jumanne iliyofuata panya wa tatu aliwekwa kwenye beseni. Alivuta kiuno, akarusha mguu wa kushoto. Kitinda alikuwa amepiga magoti vile vile, kichwa upande vile vile. Alfajiri ya siku ile alikuwa amepiga magoti pia, kando ya kitanda cha kaka yake, akaomba kama alivyoomba kila siku kwa miaka miwili, aione miguu ile ikikanyaga. Na kumbe ombi halikubaki kitandani. Lilimfuata mpaka kazini, likakaa kwenye jicho.

"Kushoto anakanyaga," akasema.

Bwana Kalamu akainua uso. "Tayari?"

"Anakanyaga."

Akaandika tisa.

Wiki ziliposonga wa chungwa walizidi kukanyaga. Hakudanganya kwa kukusudia, Mungu anajua. Kila mguu uliokuwa katikati, uliokuwa na shaka, ukiwa wa chungwa ulimwonekea umekanyaga, na ukiwa wa maji ulimwonekea umegusa tu. Nyumbani nako habari zikaanza kuvuja kidogo kidogo.

"Wenzangu wameamkaje?"

"Kuna wanaokanyaga, kaka."

Kaka hakufanya utani siku hiyo. Aliugeuza uso ukutani, kisha akaomba aitiwe Mama Cherehani.

Mama Cherehani akaja na futi yake shingoni.

"Nataka suruali," kaka akamwambia. "Ya kutembelea. Nipime hivi hivi nimelala, lakini ishone ya mtu aliyesimama."

"Suruali ya aliyesimama ina mikunjo yake magotini," jirani akajibu, akimpima kwa upole kama anayepima mtoto mchanga. "Nikushonee na mfuko wa futi ya fundi?"

"Weka. Nitauhitaji."

Suruali ikashonwa, ya rangi ya majivu, ikapigwa pasi, ikatundikwa nyuma ya mlango wa chumba chake. Kila upepo ulipoingia dirishani miguu ya suruali ilicheza yenyewe, na mama yao akawa anafunga dirisha, anasema vumbi.

Siku bahasha ilipofunguliwa, Profesa alipasua lakiri mbele yao wote. Akalinganisha namba na namba, uso ukamjaa mwanga. Wa dawa walikuwa na wastani wa tisa na kitu. Wa maji ya chumvi hawakufika nane. Akawashika mikono mmoja mmoja, hata Bibi Maranda ambaye mkono wake ulikuwa umepona. Alipofika kwa Kitinda akasema, "Jicho hili! Jicho hili!" Kitinda akatabasamu, akauvuta mkono wake upesi.

Mambo yakaenda mbio. Hospitali iliyopakana na chuo ikakubali kuanza na wagonjwa kumi na wawili. Kitinda alipomweleza Profesa habari ya kaka, faili lake likawa la nne. Sindano ya kwanza, Jumatatu ya wiki ya pili.

Bibi Maranda ndiye aliyekuja kumvuta pembeni, mkononi ameshika karatasi iliyokunjwa.

"Mjukuu wangu, wale wako wa chungwa wanajila."

"Wanajila vipi, bibi?"

Akafunua karatasi. Ndani yalikuwamo maranda yenye damu, na vitu viwili vidogo kama mbegu za papai. Zilikuwa kucha.

Kitinda akaingia chumba cha vizimba, akawashika mmoja mmoja, akawatazama miguu ya nyuma. Wanane kati ya kumi wa dawa walikuwa wametafuna vidole vyao wenyewe. Mmoja alibakiwa na viwili. Kwa wale wa maji ya chumvi, mmoja tu. Akahesabu mara tatu. Hesabu haikubadilika.

Alimwendea Profesa, lakini alimwendea nusu. "Profesa, kuna panya wanajitafuna vidole."

"Panya aliyevunjika mgongo hujitafuna, hilo limeandikwa vitabuni," Profesa akajibu bila kuinua kichwa kwenye barua zake. "Wapakeni dawa chungu."

Kitinda hakutaja wanane kwa mmoja. Jedwali lilikuwa na nafasi ya miguu, halikuwa na nafasi ya vidole. Akatoka, akamuuliza Bwana Kalamu kwa nini kiumbe ajile mwenyewe.

"Wanasema anatafuna panapomuunguza," Bwana Kalamu akasema. "Pale ambapo habari hazipiti vizuri, moto unapita."

Tangu hapo Kitinda alianza kula kwa shida. Mama akamtengea, yeye akachokoa. Kila alipopita mbele ya mlango wa kaka alihisi suruali ile ikimtazama.

Ikabaki siku nne. Profesa akamwagiza akate vipande vya picha za video avitie kwenye kompyuta ndogo, vya kuonyesha ndugu wa wagonjwa. Akaifanya kazi hiyo nyumbani, mchana, mezani. Kaka alikuwa amekalishwa kwenye kiti cha magurudumu, akasukuma magurudumu mwenyewe mpaka nyuma yake.

"Hao ndio wenzangu? Hebu nione."

Kitinda akataka kufunga. Kaka akauzuia mkono wake.

"Mwenyekiti haonyeshwi wanachama wake?"

Wakatazama. Katika picha za Jumanne ya mwisho panya wa tatu akapita kwenye beseni, kushoto kwenda kulia, na sauti ya Kitinda mwenyewe ikasikika ikisema anakanyaga. Kaka akasogeza uso. Miaka kumi na mitano alikuwa akitazama mbao na kusema ipi inabeba na ipi imekaa tu, na miaka miwili alikuwa akiitazama miguu yake.

"Rudisha."

Akarudisha.

"Rudisha tena, polepole. Kitinda, huyu hakanyagi. Tazama kiuno. Kiuno ndicho kinachovuta, mguu unafuata kama boriti iliyofungwa kamba. Umegusa tu. Nani kasema anakanyaga?"

Kitinda akaisimamisha picha. Sauti ilikuwa yake, kaka alishaitambua.

"Na vidole vyake vimekwenda wapi?"

Hapo Kitinda akashindwa kujikaza. Akasema yote, kuanzia mkono wa bibi, mkojo, karatasi ya mlangoni, mpaka wanane kwa mmoja. Alisema akiwa ameitazama meza. Alipoinua macho, kaka alikuwa anaangalia mlango wa chumba chake, kule suruali ilikotundikwa.

"Umemwambia nani?"

"Wewe tu."

"Basi liishie hapa."

"Kaka!"

"Sikiliza, mdogo wangu. Huenda dawa inafanya kazi, wewe umeongeza chumvi kidogo tu. Huenda. Na ikiniunguza, basi iniunguze. Unajua ni lini mguu wangu ulisikia hata moto? Juzi mama amenimwagia chai, nimejua kwa kuona mvuke." Akacheka, lakini kicheko hakikufika machoni. "Mimi nitatia sahihi. Ukienda kusema, ujue mara ya kwanza nilivunjwa na ngazi. Mara ya pili nitakuwa nimevunjwa na wewe."

Akageuza kiti, akaondoka.

Kwa siku tatu hawakuzungumza. Kaka hakuuliza tena wenzake wameamkaje. Mama alimgeuza kila saa mbili, akiwatazama watoto wake kwa zamu, asiulize. Kitinda aliomba, lakini safari hii hakujua aombe nini, akawa anapiga magoti na kunyamaza tu. Katika kunyamaza huko aliwaona watu kumi na mmoja wasiojulikana, kila mmoja na kitanda chake, kila mmoja na mama anayefunga dirisha. Wao hawakuwa na mdogo wao maabara wa kuwaambia habari ya vidole. Walikuwa na namba tu, na namba alikuwa amezitoa yeye.

Jumatatu asubuhi gari la wagonjwa lilikuwa lije saa nne. Saa moja na nusu Kitinda alifunga geti. Mama Cherehani alikuwa kibarazani, ameshakaa.

"Mbona mapema, Daktari wa Panya?"

"Nakwenda kuomba radhi, mama."

Pini zikamtoka jirani mdomoni, zikadondoka sakafuni. Hakuinama kuziokota.

Kitinda alimkuta Profesa amesimama ofisini, koti jeupe limefunguliwa, funguo mkononi. "Haraka, binti. Wodini wananisubiri."

Kitinda aliweka kompyuta mezani, akaifungua, akasimamisha picha pale panya wa tatu alipokuwa amerusha mguu. Akasema. Safari hii hakusema nusu. Alipofika kwenye karatasi ya mlangoni, Profesa alikaa. Alipofika kwenye wanane kwa mmoja, akaweka funguo chini, na zikasikika zilivyogusa mbao.

Simu ya mezani ikalia. Hakuipokea. Ikalia mpaka ikachoka.

"Unaelewa ulichofanya?" akauliza, sauti ndogo. "Mwaka mzima. Watu kumi na wawili. Mmoja wao kaka yako wa tumbo moja, na ameshatia sahihi."

"Naelewa, Profesa."

"Na bado umekuja. Basi unataka nifanye nini?"

Kitinda akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Naomba picha zote ziangaliwe upya na mtu asiyenijua mimi wala kaka yangu, na vidole vya kila panya vihesabiwe viandikwe. Mpaka hapo, asichomwe mtu yeyote, hata kaka. Na Bibi Maranda asifukuzwe kazi."